Sura Yangu Inasifia Kampuni Nisiyoijua

Siku niliyojiona nikiishukuru kampuni ambayo sijawahi kukanyaga hata kizingiti chake, nilikuwa nimeshika tambara la kupigia deki.

Sitanii.

Mimi ni mfanya usafi kwenye kliniki ya meno. Wagonjwa walikuwa wameisha, nikakaa kidogo kwenye benchi la kusubiria, nikafungua simu. Mdogo wangu alikuwa amenitumia ukurasa wa mtandaoni.

"Dada, hii ndiyo kampuni yangu mpya. Hebu soma watu wanavyoisifia!"

Nikafungua. Nikashusha, nikashusha. Nikakutana na mimi.

Sura ni yangu. Pua ni yangu, hii hii ya baba. Kidoti chini ya jicho ni changu. Nyuma yangu wameweka mashine zinang'aa kama vijiko vipya, na chini wameandika:

"Kampuni hii imenibadilishia maisha. Nilikuwa nauza maua nje ya stesheni ya treni, jua langu, mvua yangu. Leo wanangu mapacha wanalala wameshiba. Asanteni sana."

Mapacha? Mimi sina hata mtoto mmoja!

Na maua ninayoyajua ni yale ya plastiki pale mapokezi, ambayo mimi ndiye ninayeyafuta vumbi.

Nilihisi kama mtu kaingia chumbani kwangu, kavaa nguo zangu, kaenda kunisemea barabarani.

Jina la kampuni silitaji. Wao wana wanasheria, mimi nina fagio.

Ila kazi yao nitaisema. Wanapokea betri chakavu za magari, wanazipasua, wanayeyusha yaliyomo, wanauza tena. Kwenye ukurasa wao hayo hawayasemi hivyo. Wanasema "tunatunza mazingira." Kuna picha ya jani la kijani limekaa kwenye kiganja cha mtu.

Mdogo wangu tumemzoea kwa jina la Chiriku, kwa sababu tangu aanze kuongea hajanyamaza. Alikuwa fundi wa kushona kwenye karakana ya foronya. Chiriku akishika kitambaa, unaweza kukaa ukamwangalia tu vidole vinavyokimbia. Lakini alikuwa amechoka na karakana. Kampuni ikamwahidi kazi ya mapokezi: kukaa mezani, kupokea simu, kukaribisha wageni. Malazi ni ndani ya kiwanda, kwenye hosteli yao. Unatoka mara chache.

Angeanza Jumatatu.

Jioni ile niliingia nyumbani mbio mbio kama nimefukuzwa.

"Chiriku, hebu niangalie. Sasa angalia simu. Huyu nani?"

Akacheka. "Jamani, kweli mnafanana!"

"Tunafanana? Huyu ni mimi!"

"Dada, watu wanafanana."

"Na kidoti?"

Baba akadakia kutoka kwenye kiti chake. Baba yangu ni seremala, na akishasema neno anaona amelipiga msumari. "Vidoti viko vingi duniani. Wewe peke yako ndiye uliyepewa kidoti?"

Mimi si mtu wa kupiga kelele haraka. Huwa natazama kwanza. Nikauliza polepole: "Baba, hii kampuni nani ameichunguza?"

"Imechunguzwa."

"Na nani?"

"Fundi. Yule anajua mtandao kuliko wote hapa mtaani. Ameipekua yote."

Sawa. Kesho yake nikaenda kwa Fundi.

Fundi ana kibanda kwenye kona yetu. Anatengeneza simu, anapiga picha za vitambulisho, anachapisha na kadi za harusi. Akiulizwa chochote anajibu kabla swali halijaisha.

"Fundi, uliichunguza ile kampuni ya Chiriku?"

"Ile? Safi kabisa. Ina nyota za kutosha, watu wameisifia mpaka wamemaliza maneno."

"Nyota kaweka nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Akakuna kichwa. "Mimi mwenyewe niliweka tano."

Nikamtazama. "Uliwahi kufanya kazi pale?"

"Sasa nikafanye kazi pale nani akae kibandani? Shangazi yako alinihakikishia kuwa ni kampuni nzuri, nikaona niwape vijana moyo."

Haya. Nikaenda kwa shangazi, dada yake baba. Shangazi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na habari za mtaa zikianza zinapita kwake kwanza kupata baraka.

"Shangazi, ile kampuni uliijuaje?"

"Mbona hiyo inajulikana! Nilimuuliza babako, akaniambia Fundi ameipekua yote."

Pale pale mlangoni nikahesabu kwa vidole.

Mnaona?

Baba anamwamini Fundi. Fundi anamwamini shangazi. Shangazi anamwamini baba. Watu wazima wamekaa kwenye duara wanapokezana kitu kitupu, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekiweka ndani. Na katikati ya duara amekaa mdogo wangu na begi lake.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

"Shangazi, hakuna hata mmoja wenu aliyechunguza!"

"We mtoto, unatuita waongo?"

"Afadhali mngekuwa waongo. Mwongo anajua anachokificha."

Akaniambia nimeanza kiburi tangu nipate kazi kliniki. Nikaondoka.

Nikasema basi, niende mahali penye uhakika. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya usajili wa makampuni. Shule nimeishia ya msingi, maofisi makubwa yananitisha kidogo, lakini nilijikaza.

Karani alikuwa mzee wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.

"Karibu, binti. Unataka kufungua kampuni au kufunga?"

"Nataka kuijua tu, baba."

Akacheka, si kwa dharau. Akaniuliza jina, akashusha miwani, akabonyeza bonyeza mashine yake.

"Ipo. Imesajiliwa vizuri, wakurugenzi wapo, haina kesi kwetu."

Nilijisikia kama nimevuliwa viatu mbele za watu. Kwa hiyo mimi ndiye mjinga?

"Kwa hiyo ni nzuri?"

Akapandisha tena miwani. "Mwanangu, hapa sisi tunaandika kwamba imezaliwa. Tabia yake hatuandiki."

"Tabia inaandikwa wapi?"

"Hiyo kaulize waliowahi kuishi nayo. Na usiulize waliopo. Aliyepo bado anakula pale, mdomo wake si wake. Uliza walioondoka."

Walioondoka. Nitawapata wapi? Kwenye ukurasa wao hakuna aliyeondoka. Wote wanacheka.

Jumamosi, kampuni ikaja nyumbani kwetu yenyewe.

Ndivyo wanavyofanya kazi. Kabla ya kukuchukua, wanakuja kuwasalimia wazazi. Wanakuja na maboksi ya juisi na biskuti, wanakaa, wanasifia nyumba. Mzazi akishapewa heshima hiyo, atauliza nini tena?

Alikuja mwanamke mmoja, anayewatafutia wafanyakazi. Nilimbatiza Sauti ya Asali palepale. Anaongea taratibu, kila sentensi anaipaka mafuta.

"Mzee wangu, hongera kwa malezi. Binti kama huyu hatokei hivi hivi."

Baba akajaa kwenye kiti.

Mimi nilikuwa namimina chai, kitambaa nimekifunga mpaka kwenye nyusi. Hakunitazama hata mara moja. Watu wa namna ile hawamtazami anayewamiminia chai.

Nikachukua simu yangu, nikafungua ile picha, nikamsogezea karibu na sahani ya biskuti.

"Samahani, dada. Huyu mama mnamfahamu?"

Akaichungulia, uso ukachanua. "Ooh, huyu! Mama mapacha wetu! Huyu ni kama ndugu yangu wa damu. Juzi tu tumekula naye chakula cha mchana. Ananenepa, nakwambia!"

"Anaendelea vizuri?"

"Vizuri mno. Anawasalimia wazazi wote."

Nikaweka birika chini. Nikavua kitambaa. Nikaishika simu kando ya shavu langu, kidoti kando ya kidoti.

"Chai imekolea sukari, au niongeze?"

Shangazi, aliyekuja kwa ajili ya biskuti, akasahau kutafuna. Chiriku akaangalia simu, akaniangalia, akaangalia simu.

Nikasema moyoni: leo umenaswa, mama. Leo utakoma.

Sauti ya Asali akapepesa macho mara moja tu. Kisha akacheka kicheko kizuri, akanishika mkono.

"Jamani, kumbe ni wewe! Mrembo hata kuliko picha. Unajua, hizo picha huwa ni za mfano. Wafanyakazi wetu wengi hawapendi sura zao zianikwe mtandaoni. Sisi tunawalindia siri. Kampuni zote kubwa zinafanya hivyo."

Na baba yangu, baba yangu mzazi, akatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo ni heshima," akasema. "Wanawalinda."

"Baba! Kasema wamekula wote juzi! Amekula na nani? Na mimi?"

"Mgeni hafokewi."

"Siyo mgeni huyu, ni tapeli!"

"Kaa chini au toka nje!"

Nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia shangazi akisema, "Msimjali, ni wivu. Mdogo anapata ofisi, mkubwa anapiga deki."

Hapo niliumia. Sikulia, lakini niliumia.

Niliingia uani nikaanza kufua kwa hasira. Nguo ilikuwa sare yangu ya kazini. Nikasugua kola, nikasugua, mkono ukasimama wenyewe. Kola ile iliwahi kuchanika, Chiriku akaniwekea kiraka kilichojikunja kama jani, kwa mapambo. Nikakimbilia simu. Kwenye picha, shingoni kwangu, kiraka kile kile. Beji ya kliniki wameifuta, kiraka wamekisahau.

Nikiwa na sare ile nimewahi kupigwa picha mahali pamoja tu. Kibandani kwa Fundi, kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Alinipiga ya kwanza nimekaza uso. Kisha akanichekesha akanipiga ya pili, akasema hiyo ni zawadi.

Nilikwenda na mikono ikiwa bado na povu.

"Fundi, uliwauzia sura yangu."

"Sura gani tena?"

"Usinichezee! Nitaimwaga hii meza na simu za watu zote."

Akaikumbatia meza yake. "Tulia, dada, tulia! Walikuja wanachapisha mabango yao hapa. Wakasema wanataka mwanamke mmoja wa haraka, mwenye sura ya kazi. Nikawaonyesha zilizokuwepo. Walinipa hela ya vocha tu, siyo kwamba nimejenga. Na ulipendeza!"

"Ulijua ni ya nini?"

"Ya kujazia nafasi. Kuna mwanamke wao alikwenda pale getini akaleta vurugu kubwa, anataka sura yake itoke kwenye ukurasa. Wakaitoa. Maneno wakayaacha kwa sababu yalikuwa mazuri. Sasa maneno bila sura yanakaaje?"

Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza jinsi ya kubadilisha kioo cha simu.

Mimi nikayarudia kichwani.

Maneno wakayaacha. Kwa hiyo maneno yana mwenyewe! Kuna mwanamke kweli, mwenye mapacha kweli, aliyeuza maua nje ya stesheni kweli. Na ameondoka. Na aliondoka na vurugu.

"Na nyota tano uliziweka ukiwa unajua kuna mtu alileta vurugu?"

Akaangalia chini. "Kila kazi ina mlalamikaji, dada."

Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa, wapo wazee wanasoma.

Jumapili nikaenda stesheni. Wauza maua wapo mstari mzima pale mbele, ndoo kwa ndoo. Nikauliza mama mwenye mapacha. Wakatazamana. Mmoja akasema: "Yupo, amerudi kwenye maua. Ila siku hizi anakuja siku anazoweza. Jaribu kesho asubuhi."

Kesho! Kesho ndiyo Jumatatu.

Nilimbembeleza Chiriku jioni ile kama ninayebembeleza mtoto anywe dawa. "Ngoja mpaka mchana tu. Mchana tu, mdogo wangu. Nikirudi mikono mitupu, mimi mwenyewe nitakubebea begi."

"Gari lao linakuja asubuhi, dada."

"Wakikutaka watakusubiri."

"Na wakichukua mwingine?" Akaacha kukunja nguo. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona utani usoni. "Wewe ukifika kazini unaitwa kwa jina. Mimi karakana wananiita 'we wa mashine ya dirishani.' Nataka kukaa mahali mtu aniambie habari za asubuhi. Usiniharibie."

Nikaichukua ile nguo, nikamkunjia.

Asubuhi gari likaja. Baba akapunga mkono mpaka likakata kona. Mimi nikaenda stesheni.

Alikuwepo. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabinti zake wawili wanafunga mashada, yeye anawaelekeza kwa kidevu. Mikono ameificha chini ya khanga.

Nikamsogelea. "Shikamoo, mama."

Akainua macho. Macho yake yakatua kwenye kidoti changu. Kisha akasimama, akainyanyua ndoo nyingine yenye maji ya maua, akanimwagia yote kifuani.

"Mwizi we! Nilikuwa naomba nikuone ana kwa ana! Wamekulipa nini uyaseme maneno yangu?"

Majani yamenigandia kwenye nguo, watu wote wamegeuka. Na unajua? Sikumkasirikia hata chembe. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeitazama ile picha akaamini kuwa ni mimi!

"Mama, sikuyasema mimi. Na mimi wameniiba, kama wewe. Na leo asubuhi wamemchukua mdogo wangu."

Mkono wake ukashuka. Ndipo nilipouona. Ulikuwa unatetemeka, si kwa hasira. Unatetemeka wenyewe, kama jani linalotikisika bila upepo.

"Wamemwahidi kazi gani?"

"Mapokezi."

Akakaa. "Mapokezi," akarudia. "Wote tulikwenda mapokezi."

Akanieleza. Siku ya kwanza wanakuvisha koti jeupe, jipya. Wanakulisha vizuri. Kisha wanakuweka mbele ya kamera wanakuuliza unajisikiaje. Na wewe umetoka juani, umeshiba, umevaa jeupe, utasema nini? Unashukuru.

"Hawakunilazimisha," akasema. "Hakuna aliyeniandikia. Yale maneno niliyatoa moyoni, na machozi yalinitoka. Basi wakishamaliza, wanakwambia vua koti, mwenzako analisubiri. Ndipo wanakupeleka nyuma."

Nyuma ndiko zinakopasuliwa betri. Risasi, yale madini yenye sumu ya ndani ya betri, vumbi lake unalivuta, unalila kwenye chakula. Ulimi unakuwa kama umelamba msumari. Tumbo linasokota. Baadaye unaanza kusahau. Baadaye mikono.

"Siku moja nikasahau jina la huyu," akasema, akimwonyesha binti mmoja kwa kidevu. "Mtoto wangu, nimemzaa mimi! Nikatoka. Nikakuta nipo mtandaoni bado nacheka. Wasichana wanapita hapa na mabegi wananiambia, mama, tunakwenda kwa sababu yako. Kwa sababu yangu! Nikaenda getini nikapiga kelele mpaka sura wakaitoa."

Nikamuuliza kama atakuja na mimi mpaka kiwandani. Akawaambia mabinti walinde ndoo.

Njiani akaniambia: "Usihangaike na mlinzi wa geti. Hafungui. Mchana wanawatoa wapya nje, wanawapiga picha ya pamoja chini ya kibao cha kampuni. Kibao chao wanakipenda."

Tukasimama ng'ambo ya barabara. Nilisubiri. Hiyo kazi ya kusubiri naijua.

Geti likafunguka. Wakatoka wasichana na wavulana, wote makoti meupe, wamependeza kama maharusi. Chiriku katikati, anaongea. Sauti ya Asali pembeni, anawapanga.

"Chiriku!"

Uso wake ukakunjamana. Akanijia kwa hatua za ghadhabu. "Umenifuata kuniaibisha? Siku ya kwanza? Na nguo imelowa, umetoka wapi na majani kifuani?"

"Msikilize huyu mama."

"Simsikilizi mtu! Nimeulizwa jina langu leo, dada. Wameniandalia kiti!"

Sauti ya Asali akawa ameshafika. Alipomwona mama mapacha, asali ikakatika. "Wewe tulikwambia usionekane hapa. Mlinzi! Jamani, huyu mama alikuja kwetu tayari mgonjwa, tulimsaidia tu..."

Mama mapacha hakumjibu. Hata hakumtazama. Akamsogelea Chiriku, akatoa mikono yote miwili chini ya khanga.

"Mwanangu, nimesikia wewe ni fundi wa kushona. Kifungo hiki cha blauzi kimefunguka tangu asubuhi. Nimeshindwa. Nifungie."

Kwa mazoea tu, mikono ya Chiriku ikaenda. Akafunga kifungo. Na alipokuwa anafunga, vidole vya yule mama vikagusa vyake, akauona ule mtetemo kwa karibu, akaushika.

Chiriku, ambaye hajanyamaza tangu aanze kuongea, akanyamaza.

"Ulikuwa unafanya nini humu?" akauliza, taratibu.

"Mapokezi."

Chiriku akageuka kwa Sauti ya Asali. "Naomba unionyeshe meza yangu."

"Meza gani, mpenzi?"

"Ya mapokezi. Nikaione sasa hivi. Au unipe aliyekaa nayo kabla yangu, niongee naye."

"Hayo ni mambo ya utaratibu, mama, tukishapiga picha..."

"Meza moja tu, dada."

Yule mwanamke akaangalia saa yake.

Mdogo wangu akavua koti jeupe, akalikunja vizuri kama fundi anavyokunja, akampa. Tukaondoka.

Lakini kabla ya kuondoka niliwageukia wale wengine. Nikapaza sauti, nikawaambia yote. Betri, risasi, mikono, koti. Wakanisikiliza. Msichana mmoja akasema, "Hawa wana wivu tu." Wakapanga mstari. Wakapigwa picha. Wakaingia ndani, geti likafungwa.

Mpaka leo nikikumbuka geti lile natamani kuuma kitu.

Sasa mtadhani yameisha hapo. Na mimi nilidhani.

Nilipiga simu kampuni, nikawaambia waitoe sura yangu au niende polisi. Waliitoa siku hiyo hiyo bila ubishi. Nikashangaa. Nikafungua ukurasa nihakikishe.

Kweli, sikuwepo tena. Nafasi yangu wameweka video.

Ni Chiriku.

Koti jeupe, macho yanang'aa, sauti yake mwenyewe: "Mimi jamani nina furaha, sijui niseme nini! Leo ni mara ya kwanza nimeulizwa jina langu. Wasichana wenzangu, msiogope, njooni!"

Walimrekodi asubuhi ile, kabla mimi sijafika.

Tumeomba waitoe. Wanasema aliridhia, alitia sahihi. Baba amekwenda mwenyewe, mara ya kwanza namwona baba yangu anamwomba mtu, wakamwacha juani. Chini ya video watu wanaandika "hongera", "mko wapi nije". Mmoja mbishi aliuliza, "Huyu ni mtu wa kweli au wa kutengeneza?" Akajibiwa na mtu wa mtaani kwetu kabisa: "Ni wa kweli, namfahamu, ni binti wa seremala."

Na ni kweli! Hapo ndipo hasira inanikaba. Picha yangu ilikuwa ya uongo, mtu makini angeweza kuishtukia. Hii huwezi. Ukichunguza sura, ni yake. Ukichunguza furaha, ni ya kweli. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa unachotaka kukijua.

Kwa hiyo wewe unayetafuta habari za kampuni, usiniulize ina nyota ngapi. Ukimwona mtu anaisifia, usihangaike kujua kama yupo. Uliza ameyasema hayo lini: kabla ya kazi, au baada yake? Kisha zima simu, nenda kasimame karibu na geti lao, umtafute aliyetoka. Akikumwagia maji, simama hapo hapo. Umefika.

Na ukiikuta ile video, mdogo wangu hayupo huko. Yupo hapa pembeni yangu, anashona.